Magnolia ya uani: kusoma dalili za mti na kutafuta chanzo chake

Wenye magnolia wanaoniita nyumbani kwao karibu wote huanza kunieleza habari za majani: yamekuwa ya manjano, yamekauka kingo, yanapukutika kila siku, yamepakwa masizi. Siwalaumu, kwa sababu majani ndiyo yanayoonekana kutoka dirisha la jikoni. Lakini katika nyua za Dallas, Texas, na miji inayoizunguka, ambako familia nyingi za Wakenya, Watanzania na Wakongo hununua nyumba na kuukuta mti umeshapandwa, nimezoea kukuta ugonjwa wenyewe uko chini, pale shina linapoingia ardhini, au kwenye udongo ulioizunguka mizizi.

Mti ninaouzungumzia ni Magnolia grandiflora, ile kubwa isiyopukutisha majani yote wakati wa baridi, yenye majani mazito yanayong'aa juu na mara nyingi rangi ya kutu chini, na maua meupe yanayoweza kufikia upana wa sentimita 30. Asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani, kuanzia pwani ya North Carolina hadi mashariki ya Texas, kwenye udongo wenye tindikali kidogo na unyevu wa kutosha. Dallas haipo ndani ya eneo hilo. Hapa tuna udongo mweusi wa mfinyanzi uliolala juu ya mawe ya chokaa, unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata kama gundi mvua ikinyesha. Magnolia huweza kuishi hapa na kufika mita 15 au zaidi, ila huishi kama mgeni, na malalamiko mengi yaliyo hapa chini yanatokana na ugeni huo.

Ukaguzi wa kwanza, dalili iwe ipi

Piga magoti kwenye shina. Ondoa matandazo kwa mkono hadi uone udongo, kisha tazama umbo la shina linapokutana na ardhi. Shina la mti uliopandwa vizuri hupanuka kabla ya kuzama, na mizizi mikuu ya kwanza huonekana ikianza kutawanyika. Iwapo shina limezama ardhini wima kama nguzo ya umeme, mti umefukiwa. Chimba kwa vidole au kijiko cha bustani, taratibu, hadi uikute mizizi hiyo ya kwanza, na upime kina chake.

Ya kwangu niliipanda kwa kumlipa fundi, na kwa miaka 3 niliimwagia mbolea ya kila aina huku ikizidi kudumaa. Siku nilipochimba nilikuta sentimita 12 za shina zimefukiwa, na chini yake kamba ya nailoni iliyotoka nayo kitaluni ingali imefungwa, imezama kwenye gome kama pete kwenye kidole kilichovimba. Mbolea yote ile ilikuwa kazi bure.

Baada ya hapo chukua bisibisi ndefu uichomeke ardhini sehemu 3 au 4 chini ya matawi. Ikiingia sentimita 15 bila taabu na kutoka na unyevu, maji yanatosha. Ikigoma, udongo ni mkavu au umeshindiliwa, na ikitoka na tope lenye harufu ya kuoza, maji yamezidi. Dakika 10 za ukaguzi huu zitakuepusha na dawa nyingi usizozihitaji.

Majani ya ndani yanageuka manjano na kupukutika kwa wingi

Ikiwa ni kati ya Aprili na Juni, na yanayoanguka ni yale ya zamani yaliyo ndani huku nchani kukichipua mapya ya kijani, mti hauna ugonjwa wowote. Jani la magnolia huishi takriban miaka 2, kisha hutoa nafasi. Aliyekulia karibu na mwembe anaijua hali hii, kwani mwembe nao haukosi majani lakini chini yake hapakosi kufagiwa. Tofauti ni kwamba jani la magnolia ni gumu kama ngozi na huchukua muda mrefu kuoza, kwa hiyo rundo huonekana kubwa kuliko tatizo lilivyo. Yaache chini ya mti yawe matandazo, na usihangaike kuotesha nyasi pale, kwa sababu kivuli na mizizi ya juujuu havitaziruhusu.

Upukutikaji ukitokea Julai au Agosti, sababu inayoongoza ni ukame, hasa kwa mti ambao haujatimiza miaka 3 tangu kupandwa. Mti kama huo huhitaji lita 8 hadi 11 kwa kila sentimita 2.5 za kipenyo cha shina kila unapoumwagilia, maji yakienda polepole ili yazame. Vinyunyizio vya nyasi vinavyowaka dakika 10 kila asubuhi hulowesha juu tu na kuiacha mizizi na kiu. Sababu inayofuata ni kinyume chake, yaani maji kutuama, na dalili zake hufanana na za ukame kiasi kwamba watu huongeza maji na kuumaliza mti. Ndiyo maana bisibisi hutangulia mpira wa maji.

Majani machanga ni ya manjano lakini mishipa imebaki ya kijani

Hii ndiyo dalili ya Dallas hasa. Jani jipya linakuwa na rangi ya limau, na mishipa yake ya kijani inaonekana kama ramani ya mito. Mti umekosa madini ya chuma, ingawa udongo wenyewe mara nyingi una chuma tele. Chokaa hupandisha pH (kipimo cha tindikali: ikipanda, tindikali imepungua), chuma hujifunga katika umbo ambalo mizizi haiwezi kulifyonza, na mti hubaki na njaa mbele ya sahani iliyojaa. Magnolia hupenda pH ya kati ya 5.0 na 6.5, wakati udongo wetu mweusi mara nyingi huzidi 7.5.

Jaribio la kwanza halina gharama: chukua kiganja cha udongo mkavu, umimine siki ya jikoni. Ukitoa povu na kuchemka, una chokaa. Kwa kipimo kamili, peleka sampuli kwenye maabara ya udongo ya huduma za ugani za chuo kikuu cha Texas A&M iliyoko College Station. Malipo yake ni madogo ukilinganisha na dawa unazoweza kununua kwa kubahatisha.

Kabla ya kulaumu chokaa peke yake, rudi kwenye ukaguzi wa kwanza. Mizizi iliyofukiwa, iliyojaa maji au iliyokatwa wakati wa kujenga njia ya gari hushindwa kufyonza chuma hata kwenye udongo mzuri. Tazama pia kama manjano yako upande mmoja tu, ule unaopakana na msingi wa nyumba au sakafu ya zege. Zege huachia chokaa yake kidogo kidogo kwenye udongo.

Kwa matibabu ya haraka, tumia chuma cha aina ya EDDHA, unga mwekundu unaoyeyushwa kwenye maji na kumwagwa juu ya mizizi. Aina ya EDTA, ambayo huuzwa kwa bei nafuu na imejaa madukani, haidumu kwenye udongo wenye chokaa, na nimeona watu wakiimwaga mwaka baada ya mwaka bila kuona badiliko. Jihadhari unga huo usidondoke kwenye zege, kwani doa lake halitoki. Salfa husaidia kushusha pH pole pole, lakini katika udongo uliotoa povu kwa siki chokaa ni nyingi mno kwa salfa kuimaliza, na ukizidisha kipimo utaiunguza mizizi. Matandazo ya gome la msonobari, yenye unene wa sentimita 5 hadi 10 na yasiyogusa shina, yatakusaidia zaidi kwa muda mrefu. Kama mti una zaidi ya mita 6 na manjano yamefika hatua ya kingo kukauka, usiendelee peke yako. Kuna tiba ya kuingiza chuma moja kwa moja kwenye shina, na inatoboa gome, kwa hiyo inahitaji mkono unaojua.

Mti umestawi lakini hautoi maua

Uliza kwanza umri wake na namna ulivyozalishwa. Magnolia iliyooteshwa kwa mbegu huweza kukaa miaka 15 au hata 20 kabla ya ua la kwanza, ilhali mche wa kubebeshwa au uliotokana na kipandikizi huanza mapema sana, wakati mwingine ndani ya miaka 2 au 3. Mkulima wa maembe haelezwi jambo hili mara mbili. Aina ya 'Little Gem', ambayo ni fupi na imejaa kwenye nyua ndogo, hutoa maua ingali changa, kwa hiyo ikikosa maua kwa miaka kadhaa ujue kuna kitu.

Kwa mti uliofikia umri, sababu ya kawaida ni kivuli. Unahitaji jua la moja kwa moja la saa 6 kwa siku. Mara nyingi mwenye nyumba huniapia kwamba mti upo juani, na ulikuwapo kweli alipoupanda, kabla mwaloni wa jirani haujakua.

Sababu inayofuata ni mbolea ya nyasi. Naitrojeni nyingi hujenga majani mapana ya kijani na kusahaulisha maua, na mizizi ya magnolia huenda mbali kupita ncha za matawi, kwa hiyo unapolisha nyasi unaulisha mti pia. Nyingine ni kupogoa wakati usiofaa. Matumba hutokea nchani mwa matawi, na anayekata ncha zote mwishoni mwa majira ya baridi ili mti uwe na umbo zuri huwa amekata maua ya mwaka huo. Pogoa mara tu kipindi kikuu cha maua kinapokwisha. Kwa magnolia zinazochanua kabla ya majani, zile za zambarau na waridi, chanzo kikubwa hapa ni jalidi ya Machi inayoyaunguza matumba yakiwa yameanza kufunguka, na hakuna dawa yake.

Ua likigeuka kahawia siku chache baada ya kufunguka, huo ndio umri wake. Kuligusa tu kwa kidole kunatosha kuliachia alama.

Masizi meusi, utomvu unaonata, sisimizi na nyigu

Masizi hayo ni kuvu inayoota juu ya utomvu mtamu unaotolewa na wadudu. Kuvu yenyewe hailili jani, inalifunika jua tu, kwa hiyo kupuliza dawa ya kuvu ni kupoteza fedha. Mtafute anayedondosha utomvu.

Anza kwa kutazama juu. Ikiwa magnolia imesimama chini ya mpikani (mti wa karanga za pecan), vidukari wa mpikani hudondosha utomvu mwingi mwishoni mwa kiangazi, na mti wako hauna kosa lolote. Ikiwa hakuna kitu juu yake, geuza vijiti vya mwaka mmoja na miwili uvichunguze. Wadudu gamba hukaa wamejibana kwenye kijiti bila kusogea, na anayewaona mara ya kwanza hudhani ni vinundu vya gome. Bonyeza kinundu kimoja kwa ukucha: kikipasuka na kutoa maji, ni mdudu. Gamba mkubwa wa magnolia hufikia milimita 12, mkubwa kuliko aina nyingi za wadudu gamba wa Marekani, na ukimtoa huacha alama nyeupe ya nta. Ukikuta vijigamba vyeupe vidogo kwenye uso wa chini wa majani, na juu yake madoa ya manjano bila utomvu wowote, huyo ni wa kundi jingine lenye gamba gumu, na masizi yako yametoka kwingine.

Wakiwa wachache, vaa glavu uwasugue kwa brashi laini, au ukate vijiti vilivyoelemewa. Wakiwa wengi kwenye mti unaofikika, pulizia mafuta ya bustani mwishoni mwa majira ya baridi, ukilowesha vijiti pande zote, na urudie makinda wa wadudu hao wanapotembea. Kuwajua makinda ni rahisi: zungushia kijiti utepe wenye gundi pande mbili kuanzia mwishoni mwa Agosti, uutazame kila siku 3 au 4 kwa kioo cha kukuzia. Ukiona vijidoa vidogo vyenye miguu vimenasa, wakati umefika. Usipulizie siku ya joto la kupita nyuzi 32 za Selsiasi wala usiku wa barafu.

Dawa za kumwaga mizizini ambazo hupanda na maji hadi majanini huwafikia wadudu wanaofyonza utomvu, lakini hufika pia kwenye maua, ambako nyuki na mbawakawa hula chavua. Usizimwage mti ukiwa na matumba au maua. Na kwa mti mrefu kuliko unavyofikia kutoka ardhini, acha kabisa kupuliza mwenyewe: dawa ikipulizwa juu kwa ngazi humrudia mpulizaji usoni, na huvuka uzio kwenda kwa jirani. Mwite mwenye leseni ya jimbo ya kupuliza dawa.

Kingo na ncha za majani zimekuwa za kahawia

Fuata mpangilio huu: kiu, joto la ukuta au lami iliyo karibu, mbolea iliyozidi, kisha baridi. Mti uliohamishwa karibuni hukauka kingo kwa sababu umeacha sehemu kubwa ya mizizi yake kitaluni, na dawa yake ni maji ya kipimo na subira.

Kuhusu baridi, hapa tuna mfano mzuri. Tarehe 16 Februari 2021 halijoto ya Dallas ilishuka hadi karibu nyuzi 19 za Selsiasi chini ya sifuri, na wiki iliyofuata magnolia nyingi zilikuwa za kahawia kuanzia kileleni hadi chini. Watu walileta misumeno. Waliosubiri hadi Mei waliona nyingi zikichipua tena. Kwa hiyo baada ya baridi kali usikate kitu. Kwaruza gome la kijiti kwa ukucha: chini yake kukiwa na kijani na unyevu, tawi lingali hai. Anza kukwaruza kutoka nchani ukirudi nyuma, na ukate mahali kijani kinapoanza tu, baada ya machipukizi kujionyesha.

Majani yaliyojikunja na kupindapinda, badala ya kukauka, hutokana mara nyingi na mbolea ya nyasi iliyochanganywa na dawa ya magugu. Soma mfuko: kama umeandikwa usiutumie juu ya mizizi ya miti, basi umeshapata jibu. Madoa ya kijivu au ya kijani-kutu juu ya majani, kama sarafu za ngozi, aghalabu ni mwani unaopenda unyevunyevu. Hayana madhara makubwa. Okota majani yaliyoanguka na uelekeze maji ardhini badala ya kwenye majani.

Tawi moja linakauka, kisha jingine

Hapa uzito unaongezeka. Angalia kwanza kama kuna mstari wa vishimo vidogo vilivyopangwa sawasawa kulizunguka tawi. Ni kazi ya kigogota anayefuata utomvu, na ni mara chache huua mti. Kisha rudi chini. Mzizi unaolizunguka shina na kulikaba huonekana mara nyingi ukishaondoa udongo wa sentimita chache, na upande wa shina ulio juu ya mzizi huo huwa bapa. Mzizi mwembamba kama kidole gumba unaweza kuukata kwa patasi bila kulijeruhi shina. Mnene zaidi ya hapo, au uliokwisha zama kwenye gome, mwachie mtaalamu mwenye mashine ya hewa ya kupulizia udongo.

Kama shina liko salama, kata tawi linalokufa umbali wa kiganja kutoka sehemu iliyo hai utazame mti wa ndani. Michirizi ya kahawia iliyokoza inaashiria kuvu ya mishipa inayoitwa Verticillium, ambayo hukaa ardhini kwa miaka mingi na haina dawa ya kuiondoa. Gome lililobonyea na kupasuka ni donda. Ikiwa mti wote unafifia na udongo unanuka, huenda mizizi inaoza kwa Phytophthora. Safisha msumeno kwa spiriti kila baada ya mkato, na kwa hali hizi 3 usinunue dawa yoyote kabla ya maabara kuthibitisha.

Dalili za kusimama na kuita mtaalamu

Simama mara moja iwapo mti umeanza kuinama ghafla, udongo umeinuka upande mmoja wa shina, uyoga umeota kwenye shina au mizizi, kuna ufa kwenye njia panda ya matawi makuu, au tawi lolote linagusa waya wa umeme. Suala la waya ni la kampuni ya umeme, wala si la mtu mwenye ngazi ya alumini. Kabla ya kuchimba kwa kina karibu na mti, piga 811 siku chache mapema ili mabomba na nyaya zilizofukiwa ziwekewe alama bila malipo.

Shimo kwenye shina usilijaze kitu. Magnolia iliyosimama upande wa kusini wa Ikulu ya Marekani, ambayo masimulizi huihusisha na Rais Andrew Jackson, ilijazwa saruji kwenye jeraha la shina katika miaka ya 1970, kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo. Saruji ililiharibu shina, ikaja kuondolewa, mti ukashikiliwa kwa nguzo na nyaya kwa miongo kadhaa, na mwaka 2025 ukakatwa.

Unapomtafuta mtaalamu, uliza cheti cha ISA (chama cha kimataifa cha wataalamu wa miti) na bima, na uombe maelezo ya kazi kwa maandishi. Akipendekeza kukata kilele ili mti uwe mfupi, mshukuru na umsindikize hadi kwenye gari lake, kwa sababu vidonda vikubwa vya magnolia hufunga pole pole mno na kuoza kabla havijafunga. Atakayekubalika, mwandalie picha za mti za miaka iliyopita kama unazo, majibu ya maabara ya udongo na orodha ya kila kilichomwagwa uani, ikiwemo mbolea ya nyasi. Na asubuhi ya siku atakayokuja, ondoa matandazo yote kwenye shina, kwa sababu akiwa fundi kweli atapiga magoti hapo kabla hajatazama juu.